Wembe wa Mama

Mama aliutupa wembe wa kisu chake kwenye kopo. "Siku hizi duka la Saanen linauza mabati badala ya nyembe, Vreni. Hebu tazama."

Nikatazama. Alikuwa akikata kwa kisu picha ya karatasi, zawadi ya harusi ya binti yangu: ng'ombe wakipanda malishoni, kengele shingoni. Ng'ombe wa mbele alichanika mguu, na kwa kuwa karatasi nyeusi ilikunjwa katikati, mwenzake wa upande wa pili alichanika vilevile.

Tangu theluji ianze nilikuwa nikimtafutia nyembe zisizopoteza makali. Za Uswidi alizikataa. Hizi za Japani nazo zimekataliwa.

Alipokwenda kumimina kahawa, niliuokota ule wembe, nikaurudisha kwenye kisu, nikaujaribu kwenye kipande cha karatasi. Ulikata ukwato, mkia, hata ulimi wa kengele, bila kukwama.

Akarudi. Vikombe viligongana na visahani mikononi mwake.

"Haya, sema. Butu, si butu?"

"Butu kabisa, Mama. Nitatafuta nyingine."

Alinitazama. Tangu utotoni nilikuwa sijawahi kumkubalia jambo bila kubishana.

Akanisogezea kisu na karatasi mpya.

"Kunja," akasema. "Na uanze na miguu."