Tisa kwa Kumi

Ndani ya begi la Britta mlikuwa na fulana mbili, na moja ilikuwa lazima iachwe kabla jua halijazama. Ya buluu ilikuwa ya chuo kikuu cha jimbo, dakika ishirini kutoka nyumbani. Ya kijani ilikuwa ya Chuo cha Wexcombe, ambako mama yake alikuwa amemleta kwa mwendo wa saa tano. Kesho ni Mei mosi, siku ambayo wanafunzi wote wa mwaka wa mwisho huingia shuleni wamevaa fulana ya chuo walichokichagua.

"Mama, usiniulize tena," Britta alisema wakishuka garini. "Nikiwasikia wenyewe wakisema, nitaamua."

Verna hakuuliza. Angeuliza nini? Yeye ni dereva wa basi la shule, mwaka wa kumi na tisa sasa, na masomo yake yaliishia sekondari. Moyoni aliipenda ile ya buluu, lakini kupenda si hoja. Binti yake alikuwa anautaka udaktari tangu enzi za kumfunga mbwa wao bandeji. Miaka minne ya chuo kwanza, kisha ndipo shule ya udaktari imkubali au imtupe. Akikosea leo, basi tena. Verna alilijua hilo na hakuwa na la kumsaidia, na iliuma.

Kutoka maegeshoni wazazi walibebwa kwa kigari cha umeme. Dereva alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, jina lake, Emmett, limeshonwa kifuani.

"Breki zako zinalia," Verna alimwambia.

"Tangu Februari! Nimewaambia, wakasema basi nisipige honi, hizo zinatosha." Alicheka, kisha akautazama mkono wa Verna. "Huo mkono umefanya nini, mama?"

"Niliteleza kwenye barafu. Umeteguka tu."

"Lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

Emmett akasimamisha kigari, akabonyeza polepole chini ya kidole gumba. Verna akaruka.

"Hapo si kuteguka. Kuna mfupa mdogo hapo, ukivunjika damu haiufikii vizuri. Kapige picha kesho, usingoje."

"Makubwa! Nani kakufundisha wewe?"

"Nimekaa sana hapa," Emmett alisema, akaondoa kigari.

Ukumbini, mshauri wa wanaoelekea udaktari, Dakta Pell, hakuzunguka.

"Mmekuja kutafuta namba, haya, namba hii hapa. Katika kila kumi tunaowapeleka kwenye shule za udaktari, tisa hupokelewa. Tisa! Na kila mmoja anakwenda na barua ya kamati ya chuo chetu. Asiyekuwa na barua ya chuo chake, shule hizo hazihangaiki naye."

Makofi yakarindima. Chuo cha jimbo, walipoulizwa, walikuwa wamesema wanne kwa kumi.

Verna aliinua mkono, ule mzima. "Samahani. Na yule wa kumi?"

Watu wakacheka. "Wa kumi hujaribu tena mwaka unaofuata, Bi. Oskarson," Dakta Pell alimjibu kwa upole, akisoma kibandiko kifuani pake. "Na mara nyingi hupata."

Verna akakaa, masikio yanawaka moto. Kuna kitu hakikumkaa sawa, kama siku zile anapohisi kuna mtoto amebaki kituoni. Lakini alipovihesabu vichwa upya vilikuwa kumi kamili, tisa na mmoja, hakuna aliyepungua. Akajiona mjinga.

Nje, kwenye ngazi, Britta alikuwa ameshatoa simu.

"Wanne kule, tisa hapa. Kuna la kufikiri, Mama?"

"Kule wamekupa ufadhili kamili wa masomo, mwanangu. Ukiukataa haurudi."

"Najua."

"Na mwalimu wako wa kemia alisema..."

"Mwalimu wa kemia hakusema tisa."

Britta akabonyeza mara mbili, mara ya kwanza kukubali Wexcombe, ya pili kuukataa ufadhili wa jimbo.

"Tayari!"

Akavaa fulana ya kijani palepale, juu ya blauzi. Ile ya buluu akamtupia mama yake. "Ya kufutia vioo vya basi hiyo." Verna akaikunja vizuri, akaitia mkobani.

Kigari kilikuwa kinawangoja. Emmett aliitazama ile fulana ya kijani.

"Hongera. Unachukua nini?"

"Udaktari!" Britta alisema, akakaa kiti cha nyuma na kuanza kumpigia rafiki yake.

Verna alikaa mbele, anausugua mkono wake. "Ungefaa udaktari wewe. Kumbe ulisoma hapahapa?"

"Miaka minne. Biolojia."

Verna akamwonea huruma. Akashusha sauti, binti asisikie.

"Kwa hiyo wewe ndiye ulikuwa yule wa kumi?"

Emmett akakanyaga breki, zikalia.

"Hapana, mama. Wa kumi naye aliandikiwa barua," alisema. "Tulioanza tukiutaka udaktari tulikuwa mia na ishirini. Barua waliandikiwa kumi."