Jina la Mpagazi

Zefania Mkuzi alirudi kutoka vitani miezi saba baada ya mji kusimamisha msalaba wa mawe ufukoni, jina lake likiwa limechongwa pamoja na majina ya waliokufa. Asubuhi moja alimpeleka pale fundi aliyeuchonga.

"Nikilifuta jina lako, Bwana Zefania, patabaki shimo," fundi akasema.

Zefania akaketi chini ya msalaba.

"Basi chonga jina la Mwakoi hapohapo. Alikuwa mpagazi wetu. Alinibeba siku nne, mpaka akaanguka asiinuke tena."

"Wapagazi hawakuandikwa hapa."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Fundi akatoa tindo na nyundo. Zefania akafumba macho, akisikiliza jina lake likigongwa, vumbi la jiwe likimwangukia magotini.