Fimbo ya Kuongozea Wimbo

Mkaguzi wa shule aliketi nyuma darasani, kofia magotini. "Haya, Mwalimu Mfaume, waimbe. Wakishindwa, hapa Kisarawe hufundishi tena."

Mfaume aliinua fimbo kuanzisha wimbo, kama kiongozi wa bendi aliyemwona Dar es Salaam.

Watoto wote wakanyoosha viganja, wakafumba macho.

Ndiyo fimbo aliyowachapia kila waliposahau maneno.

"Imbeni, wanangu," Mfaume alinong'ona. Viganja havikushuka.

"Wana nini hawa?" Mkaguzi alisimama.

Mfaume aliiweka fimbo sakafuni. Akanyoosha viganja vyake mwenyewe, kama wao, akaanza kuimba peke yake.

Mstari wa mbele, jicho moja likafumbuka.