Sauti ya Pili Katika Albamu ya Tatu

Siku hizi kila albamu hujichanganya upya kufuata anachokipenda msikilizaji, hata asichowahi kukitamka. Ndiyo maana Mghoi na mumewe, Mwakio, hawakuacha kubishana kuhusu bendi ya roki waliyoipenda wote wawili.

"Albamu ya tatu ndiyo kiboko, kwa ile sauti ya mwanamke," alisema Mwakio.

"Mwanamke gani? Mle mna magitaa na ngoma tu. Masikio yamezeeka, baba."

"Haya, vaa vyangu."

Mghoi alivaa vipokea sauti vya mumewe. Nyuma ya gitaa, safi kabisa, alijisikia yeye mwenyewe akiimba, kwa sauti yake ya jikoni.

"Umemsikia? Ni nani yule?"

Mghoi alivaa vyake, akaurudia wimbo uleule akiitafuta sauti ya Mwakio. Alisikia magitaa na ngoma tu.