Amani ya Saa Sita Mchana

Mkesha wa Krismasi, saa sita mchana, kengele za mji wa Turku zililia redioni na amani ya sikukuu ikatangazwa Ufini nzima. Hapo kuta za kila nyumba zikaanza kumeza maneno ya hasira, yasisikike mpaka sikukuu ipite.

Eero alisubiri kengele zinyamaze. "Siwema, mke wangu," akasema kwa upole, "ile safari ya Pemba kumwona mama yako nimeiahirisha tena. Tutakwenda mwakani."

Ndivyo alivyo kila mwaka! Habari mbaya huziweka mpaka amani iingie. Siwema alifoka mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, lakini sauti haikusikika hata chembe. Eero akatabasamu, akaendelea kukoroga uji wa mchele.

Siwema akaipiga meza ngumi, akaketi. Akaitafuta hasira yake moyoni, asiione.

"Eero," akasema taratibu, "mimi nakwenda kwetu, na sirudi."

Ukuta ukaliacha kila neno lipite.

Eero akageuka, mwiko mkononi, akapiga kelele kwa nguvu zake zote. Kilichosikika ni uji tu, ukitokota.