Majani Ishirini

Jani la kwanza alilifikicha kwa kidole gumba, akalinusa, akaliweka kulia. Kisha akaosha mikono kwa sabuni, akaikausha vizuri, ndipo akachukua la pili.

"Mama hakosei, bibi," alisema binti yake kutoka mlangoni. "Kunusa hata mimi alinifundisha yeye."

"Nenda kacheze," mama yake akamwambia haraka.

Hakwenda. Alikuwa na miaka saba, na walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Jani la pili likaenda kulia. Akaosha tena.

"Shemeji, kwa maji haya ungekuwa umeshafua shuka mbili," alisema kaka wa marehemu mumewe, aliyekaa ng'ambo ya meza, kando ya mama yake, kama msimamizi wa mtihani.

"Lazima nioshe. Ukishafikicha kitunguu mwitu kimoja, harufu inakaa kidoleni. Jani linalofuata utaliona linanuka, kumbe unanusa kidole chako mwenyewe."

Mlangoni pakawa kimya.

Majani yalikuwa ishirini ndani ya beseni, marefu, mapana, yamefanana kama mapacha. Mengine yalikuwa ya kitunguu mwitu, mboga ya supu. Mengine yalikuwa ya kengele, ua jeupe la kupendeza ambalo majani yake hayanuki, tena ni sumu; hayo yalitakiwa kwenda kushoto. Mama mkwe ndiye aliyeitoa mimea hiyo msituni zamani, akaipanda chini ya miti nyuma ya nyumba, kila mmoja na tuta lake. Lakini mimea ile haingoji mkono wa mtu. Hudondosha mbegu, ikajipanda yenyewe inapotaka. Mwaka baada ya mwaka matuta yakasogeleana, hadi yakawa kitu kimoja. Baada ya mazishi ya mumewe walizing'oa kengele zote, wakazichoma moto. Mvua zilipoanza zikaota tena, kana kwamba hakuna aliyekufa.

"Aliyekosea mara moja atakosea tena," mama mkwe alikuwa amesema. "Mjukuu wangu hataendelea kula kwenye mkono ule."

Shemeji ndiye aliyemwombea jaribio hili. Akipatia majani yote, mtoto abaki naye. Akikosa hata moja, Chiriku atakwenda kulelewa na baba yake mkubwa, kaka mwingine wa marehemu, siku mbili kwa basi.

Kulia. Kushoto. Kulia. Sabuni, kitambaa, jani. Alikuwa fundi cherehani, na vidole vyake vilizoea kazi ya subira. Mama mkwe hakunusa kitu. Aliyatazama tu majani yakitua mezani, maana miaka arobaini ya bustani ilikuwa imeyapa macho yake kazi ya pua. Mwaka jana alikuwa safarini siku ile, na hilo hakuwa amejisamehe.

Jani la kumi. La kumi na tano. Yote sawasawa.

"Shemeji, wewe ni kiboko," kaka wa marehemu alisema, akaanza kutabasamu.

La kumi na nane likaenda kushoto. Lilikuwa kengele kweli.

Mama mkwe akainama mbele. "Subiri. Mkono usiokosea leo, mwaka jana ulikosea vipi?"

"Nilikuwa na haraka, mama. Nilichelewa kutoka kazini. Nilishasema."

"Ulisema. Ulisema hospitalini, ukasema na polisi. 'Nilichuma mimi.' Nikakuamini, nikajua wewe ni mjinga. Sasa naona si mjinga." Sauti ya bibi kizee ilikuwa ndogo kama uzi. "Mwanangu alikuwa na mafua tu. Alitaka supu. Maliza hayo mawili, mkwe. Halafu nitakuuliza upya habari za siku ile, na safari hii utanieleza moja baada ya jingine."

"Mama, jamani," mwanawe akasema.

"Nimesema amalize."

Mjane alitazama beseni. Kisha akatazama mlangoni. Chiriku alikuwa amesimama mguu mmoja juu ya mwenzake, akiangalia mikono yake mwenyewe.

Jani la kumi na tisa alilifikicha, akaliweka kulia. Lilikuwa kitunguu mwitu. Mkono wake ukaelekea kwenye maji, ukasita, ukarudi. Akachukua la ishirini na vidole vilevile. Akalinusa kwa muda mrefu.

"Linanuka," alisema, akaliweka kulia.

Shemeji akafumba macho. Mama mkwe akalichukua jani, akaligeuza upande mmoja, akaligeuza wa pili, kisha akapumua kama mtu aliyetua mzigo.

"Kengele," alisema. "Basi. Ni mjinga tu."

Hakuuliza tena habari za siku ile. Maji yakishamwagika hayazoleki.

Asubuhi iliyofuata mjane alikunja nguo za mtoto, magauni manne aliyoyashona mwenyewe, akayapanga kwenye begi. Shemeji alingoja nje, akijifanya kufunga kamba za viatu. Bibi alikuwa nyuma ya nyumba aking'oa kengele, ingawa alijua mbegu zimeshashuka ardhini.

Chiriku hakuwa amesema neno tangu jana. Hakulia, hakuuliza basi linaondoka saa ngapi. Chakula cha usiku hakukigusa.

"Utakaa vizuri huko, mwanangu," mama alimwambia, akipiga magoti kumfunga vifungo. "Baba mkubwa ana watoto wenzako. Utacheza mpaka unisahau."

Mtoto akainua mkono wa kulia, akaisogeza ncha ya kidole gumba puani mwa mama yake.

"Mama," alinong'ona, "siku ile baba alipotaka supu na wewe hujarudi, mimi sikuosha mikono."