Mlango Uliomkana Mafuru

Tangu makosa madogo ya uvuvi yaondolewe mahakamani, hakuna mvuvi aliyefungwa jela. Ofisi ya uvuvi hutoa adhabu, na nyumba huitekeleza. Mafuru alinaswa na sato wachanga saba. Aliporudi nyumbani mchana ule, mlango ukagoma kufunguka.

Mkewe, Nyanjura, akakimbilia komeo la ndani.

"Usimfungulie, mama," sauti ya ukutani ilisema kwa upole. "Jina lake limesimamishwa siku thelathini. Ukimfungulia, na lako litasimamishwa."

"Huyu ni mume wangu! Nipelekeni kwa hakimu nijieleze."

"Hakuna kesi, mama. Kwa hiyo hakuna hakimu."

Nyanjura alimtazama mtoto wao mchanga, Wegesa, mkekani. Wakitolewa nje wote wawili, nani atamnyonyesha? Akaliachia komeo.

"Baba Wegesa, nenda kwa kaka yako," alisema.

"Nimetoka huko," Mafuru alijibu dirishani. "Nako mlango umenikataa."

Siku ya thelathini na moja mlango ulifunguka wenyewe. Mafuru alisimama kizingitini, amekonda, akimnyooshea mkewe mikono. Nyanjura alitamani kumkumbatia, lakini kwanza aliutazama ukuta, akasubiri kuruhusiwa.